Mlikula minofu, mkatuachia mapanki

BARUA

Dada mshauri,

Shikamoo kama umenizidi. Kama nimekuzidi, basi habari za kazi. Nakusoma kila wiki kwenye simu ya mke wangu, ila picha yako ni ndogo na umri wako haujulikani, nisije nikakosea adabu.

Mimi ni mzee wa miaka 58, mkazi wa Kirumba hapa Mwanza, nafanya biashara ya dagaa pale soko la Mwaloni. Nina watoto watatu. Wa kwanza ni binti, ameolewa, yupo Magu. Wa mwisho bado yuko sekondari. Tatizo langu ni wa katikati, wa kiume, ana miaka 24. Mtoto wa elfu mbili. Nikishasema hivyo nadhani umeshanielewa nusu.

Alimaliza shahada ya uhasibu mwaka 2023, na tangu hapo yuko nyumbani. Anaamka saa tatu. Usiku simu inawaka mpaka saa nane, mwanga unapita chini ya mlango kama karabai. Ukimuuliza anasema, "Natafuta mchongo, mzee." Ameitwa usaili Dodoma mara mbili, nauli nilitoa mimi, na mara zote mbili alirudi na begi lake kama alivyokwenda nalo. Mimi nilitoka kwetu Kwimba mwaka 1985 nina miaka 18 na shati moja. Nililala stendi, nilibeba mizigo, mwaka 1993 nikapata kazi kiwanda cha minofu ya sangara, usiku kucha mguu kwenye maji ya barafu. Nilipofika miaka 28 nilikuwa na kiwanja, nilikinunua kwa bei ya ng'ombe wanne, na vyumba viwili nimeshasimamisha juu ya mawe. Hakuna aliyenitafutia mchongo.

Aprili hii nikaona nimpe nafasi. Nilimpa shilingi laki sita aende visiwani anunue dagaa, waanikwe kule kule, aje nao wakavu. Alinunua kwa bei nzuri, hilo siwezi kumnyima. Lakini mvua ikanyesha siku tatu mfululizo, dagaa wakiwa mchangani. Wakageuka rangi, wakaanza kunuka, tukawauza kama chakula cha kuku. Laki sita ikarudi laki moja na themanini. Nilimwambia wazi kwamba kizazi chenu hakina subira wala jicho la kuangalia mawingu. Akanijibu kwamba tungekuwa na chanja, yale meza ya waya ya kuanikia, na turubai hasara isingefika hapo, na kwamba alishaniambia hivyo tangu Januari. Ni kweli aliniambia. Lakini sisi tumeanika mchangani zaidi ya miaka ishirini, na ada yake imetoka kwa dagaa hao hao wa mchangani.

Sasa ndio ikaja Jumapili moja, wiki tatu zilizopita. Shemeji yangu alikuwa amekuja kutoka Bunda, mama yangu mzazi alikuwepo, tumekaa tunakula sato. Nikasema maneno ambayo kila mzee husema, kwamba sisi katika umri wenu tulikuwa na nyumba, nyie mna bando. Nilisema kwa utani. Kijana akaweka tonge chini, akanitazama, akasema: "Mzee, nyie mlikula minofu, mkatuachia mapanki." Yaani vichwa na mifupa ya samaki.

Mezani pakawa kimya. Halafu yule wa mwisho akacheka. Nilinawa mikono, nikatoka, ugali nikauacha. Jioni kwenye kundi la familia la WhatsApp akaandika, "Wazee ndio wachawi wa maendeleo," na vile vikatuni vya kucheka. Dada yake kutoka Magu akaweka kopa.

Tangu siku hiyo hatusemeshani. Asubuhi ananiambia "Shikamoo baba", mimi simjibu, napita naenda zangu Mwaloni. Mke wangu anasema nimezidi. Anasema nimesahau mwaka 1998. Sijasahau. Kiwanda kilitupunguza mwanzoni mwa mwaka ule, nikakaa nyumbani miezi minane, yeye akauza vitumbua. Lakini ule ulikuwa wakati mwingine, haufanani na huu.

Baba yangu angenichapa bakora kwa maneno yale. Alikuwa mkulima wa pamba, mtu mgumu. Nilipokimbilia ziwani alisema nimekuwa mhuni, kwamba mtu wa ziwani hana kesho, lakini sikumjibu hata neno moja.

Naomba unishauri. Nimfukuze akapange, ayaone maisha? Au niite kikao cha ukoo? Na je, ni kweli kwamba sisi tulikula minofu? Hilo la mwisho ndilo linaninyima usingizi.

Baba wa Watatu, Kirumba


JIBU

Kaka yangu Baba wa Watatu,

Nimezaliwa 1969. Umenizidi, shikamoo. Najua hapo umeshaitikia marahaba, kimoyomoyo, simu ya mkeo ikiwa mkononi. Ishikilie hiyo marahaba, nitaihitaji baadaye.

Nianze na swali lako la mwisho, kwa kuwa ndilo linalokukesha. Hapana, hamkula minofu. Mlikula mapanki. Wewe ulisimama kwenye barafu unachuna, minofu ikapangwa kwenye maboksi, ikapanda ndege kwenda Ulaya. Kilichobaki mezani, kichwa na mifupa, ndicho kilichokaangwa mitaani kwetu, na bila shaka ndicho ulichompelekea mkeo kwenye mfuko. Mwanao amekosea hesabu, na yeye ni mhasibu. Mwambie. Nina wasiwasi kwamba hajui. Ulimweleza kuhusu nyumba na kiwanja, lakini umeshawahi kumweleza kwamba mtu aliyechuna minofu miaka mitano alikuwa anakula mifupa? Barua yako inanifanya nidhani hapana. Wazee wengi tunapowasimulia watoto maisha yetu tunaruka kutoka stendi mpaka kwenye bati la nyumba, katikati hapo hatupasemi.

Hata huyo sangara hakuwa urithi wenu. Alipandikizwa ziwani miaka ya 1950, kwetu huku akaja kujaa miaka ya 1980, akawamaliza wengi wa furu, wale samaki wadogo wa asili. Baba yangu mdogo pale Igombe alikuwa mvuvi wa furu na ngege. Nakumbuka siku alipoleta sangara wa kwanza nyumbani: alimlaza juu ya jani la mgomba, mrefu kuliko mimi, na hakuna aliyetaka kumgusa. Bibi akauliza ni samaki gani huyu ana mafuta kama nguruwe. Baba mdogo naye aliwasema sana vijana waliokimbilia nyavu za sangara. Kwake hao ndio walikuwa kizazi kilichopotea, wanataka fedha ya haraka, hawajui ziwa. Ukipiga hesabu, kaka, vijana aliokuwa anawasema ni nyie.

Sasa upande ambao mwanao hajakosea. Umeandika kwamba kiwanja ulikipata kwa bei ya ng'ombe wanne. Nimependa kipimo hicho kuliko shilingi, maana shilingi hubadilika. Kesho ukitoka Mwaloni panda daladala ya Buhongwa au ya Igoma, ambako bado viwanja vinauzwa, uulize kiwanja cha ukubwa uleule leo ni ng'ombe wangapi. Kisha muulize kijana yeyote anayeanza kazi ya uhasibu hapa mjini mshahara wake wa mwezi unanunua sehemu gani ya ng'ombe. Usimwambie mtu jibu, rudi nalo nyumbani ulitafakari. Mwaka uliozaliwa, 1967, nchi hii ilihesabu watu milioni 12.3. Sensa ya 2022 ilihesabu milioni 61.7. Mahali alipokuwepo mtu mmoja ulipozaliwa, leo wamesimama watano, na wote wanaomba mzigo uleule. Hao watano si wavivu kukuzidi wewe.

Na kama alisoma kwa mkopo wa serikali, anaudaiwa. Siku atakayoajiriwa, asilimia 15 ya mshahara itakatwa kabla haujamfikia. Wewe ulianza maisha na shati moja. Yeye anaanza na shati moja na pengine deni. Ila haki iende pande zote mbili. Mwaka 2016 ada ya sekondari za serikali ilipofutwa, mwanao alikuwa kidato cha tatu, kama nimehesabu sawasawa. Wewe darasa la saba ulimaliza wakati ambapo darasa zima lingeweza kutoa watoto wawili au watatu wa kwenda sekondari, wengine wote jembe. Mlango huo yeye aliukuta wazi. Ajue na hilo.

Nimesoma barua yako mara tatu. Kuna mstari mmoja umeuandika haraka kisha ukaukimbia, nao ni ule wa 1998. Unasema ule ulikuwa wakati mwingine. Nilikuwa mtu mzima hapa Mwanza wakati huo, naukumbuka. Mvua za El Niño, kipindupindu, Ulaya ikafunga mlango kwa samaki wetu kuanzia mwisho wa 1997 mpaka katikati ya 1998, ukaja kufungwa tena 1999 kwa hofu ya sumu. Watu wa viwandani waliambiwa wapumzike nyumbani. Ulikuwa na miaka 31, mikono yako mizima, una ujuzi wa kuchuna samaki kuliko mtu yeyote mtaani, na ukakaa miezi minane unakula vitumbua vya mkeo. Ulikuwa mvivu? Kizazi chako kilikosa subira? Mlango ulifungwa na watu ambao hawajawahi kufika Kirumba, wala hukuwa na la kufanya.

Kijana wako amekaa miaka miwili, naye mlango umefungwa. Tofauti ninayoiona ni kwamba wewe hukuwa na simu ya kuangalia usiku. Uliangalia dari. Mkeo alikuona, ndiyo maana anakutajia mwaka huo kila mkigombana kuhusu mtoto. Mama huyo hamtetei mtoto dhidi yako, kaka. Anakwambia ameshawahi kuishi na mwanaume wa namna hii ndani ya nyumba, akamvumilia, na mwanaume huyo baadaye akainuka.

Kuhusu dagaa wa Aprili, hapa nitakuwa mkali kidogo kwa sababu nimekulia kwenye dagaa. Mvua ya masika haiulizi mwaka wa kuzaliwa. Mama yangu alizaliwa kabla ya uhuru, alikuwa anajua mawingu kama anavyojua watoto wake, na bado kila masika kulikuwa na magunia yanayoishia kwa kuku. Tulikuwa tunaamshwa usiku tukimbie ufukweni kukusanya dagaa gizani kwa viganja, mchanga na dagaa pamoja, na asubuhi tukakuta wameshageuka njano. Hasara hiyo ilikuwa ni ya mchanga. Dagaa wa chanja hupitiwa na hewa chini na juu, hukauka upesi, na wingu likija unavuta turubai. Mteja anayetafuna dagaa bila kusikia mchanga kwenye meno hulipa zaidi. Wewe uko sokoni, unajua tofauti ya bei kunishinda. Kwa hiyo mwanao alikupa ushauri wa kibiashara Januari, ukaukataa, hasara ikaja Aprili palepale alipokuonyesha, na hasara hiyo ukamwandikia yeye na wenzake wote waliozaliwa baada ya 2000. Ningekuwa mimi, ningesema neno baya kuliko mapanki.

Halafu unasema mmezoea hivyo miaka ishirini. Hao wavuvi unaowanunulia, bado wanawasha karabai? Wengi wameshahamia taa za betri na sola. Malipo ya wateja wako yanaingia kwa njia gani, kwa bahasha au kwa simu? Umebadilika mara nyingi sana, wala hukuhesabu kwamba ni ujana. Umekuwa mzee kwenye chanja tu. Nadhani ni kwa sababu wazo lilitoka kwa mtoto.

(Juzi juzi nilikuwa kwenye basi la Geita. Tulipopanda daraja la Kigongo–Busisi, lile lililofunguliwa Juni 2025, mzee mmoja nyuma yangu akaanza kusikitika kwamba vijana hawatajua tena uvumilivu wa kusubiri kivuko. Daraja ni kilomita tatu. Kabla hajamaliza sentensi tulikuwa tumeshavuka. Tulicheka basi zima, naye akacheka. Kivuko kile nimekisubiri mpaka nikakosa kuzika mtu. Sikijutii.)

Sasa niongee na kijana, maana nina hakika mkeo atampa simu asome.

Mwanangu, mbele ya bibi yako na mjomba wako, ulimvua baba nguo. Neno lako lilikuwa tamu, nakubali, na ndiyo maana lilikuumiza kulimeza. Lakini hukumsemea yeye, ulimsemea mtu mwingine kabisa, mzee fulani tajiri aliyeko kwenye simu yako, aliyekula nchi na kuondoka. Wapo. Baba yako siye. Baba yako alirudi nyumbani na mapanki. Utamwomba radhi kwa hilo, na kwa kuwa ulilisema mezani, radhi nayo iombwe mezani, bibi akiwepo.

Na lile la kwenye kundi la familia ulifute leo. "Wazee ndio wachawi." Wewe ni mtoto wa Usukumani, hukulisema Ulaya. Huku kwetu mabibi wameuawa kwa mapanga kwa sababu tu wamezeeka na macho yao ni mekundu, macho yaliyoharibiwa na moshi wa jiko miaka hamsini, wakiwapikia watu. Aliyeshika panga naye alianzia kwenye neno. Bibi yako mwenyewe anapikia kuni? Nenda ukamtazame macho, halafu urudi uniambie kama vile vikatuni vinachekesha. Na dada yako wa Magu aondoe kopa lake.

Basi. Narudi kwako, kaka.

Hukumjibu baba yako hata neno moja, umeandika kwa fahari. Sawa, hukumjibu kwa mdomo. Ulimjibu kwa miguu: ulihama. Mzee wa pamba alisema usiende ziwani, ukaenda, ukakaa huko miaka arobaini. Najiuliza ni lini mlikuja kuyaongea, na kama hamkuyaongea, najiuliza unajisikiaje leo ukipita Kwimba kwenye kaburi lake. Huyu wako amebaki nyumbani na anakujibu usoni. Kwa mtazamo wangu, huyu ana heshima kukuzidi wewe ulipokuwa na umri wake, japo mdomo wake unahitaji kufungwa breki.

Na sasa ile marahaba. Mimi ni mtu usiyemjua, nimekuamkia kwa maandishi, ukaniitikia. Mwanao amesimama kwenye korido ya nyumba yako kila asubuhi kwa wiki tatu, umemvunjia mtaji wa moyo, umemwita jina la kizazi kizima, na bado anatamka shikamoo. Wewe unaipita. Kaka, sisi wazee ndio tunaolalamika kila siku kwamba vijana hawaamkii, wanasema "mambo" na "niaje". Huyu anaamkia! Ukiacha shikamoo ya mtoto ikining'inia hewani siku ishirini na moja, siku ya ishirini na mbili asipoitoa utakuja kuniandikia barua kwamba watoto wa elfu mbili hawana adabu, na barua hiyo sitaijibu. Kesho asubuhi uitikie. Usiongeze hotuba. Marahaba, basi, upite.

Kumfukuza, hapana. Hufukuzi mtu kwa sentensi moja, hasa sentensi iliyokuuma kwa sababu nusu yake ni kweli. Kijana asiye na kipato ukimtoa nyumbani leo atakwenda kupanga kwa mkopo wa kausha damu, na wiki mbili baadaye wale jamaa watakuja kubisha hodi kwako, watachukua hata king'amuzi. Ila kukaa bila masharti nako sikubali. Miaka 24 si mtoto. Mkae watatu, wewe, yeye na mama yake, mkubaliane anachangia nini: kama hana fedha, ana mikono na ana shahada. Daftari lako la dagaa, lile lenye mafuta ya samaki kwenye kila ukurasa (lazima unalo, kila mtu Mwaloni analo), mpe alisafishe. Miezi mitatu awe amekuonyesha unadaiwa na nani, unamdai nani, na gunia moja linakuachia shilingi ngapi baada ya ushuru na usafiri. Nakuhakikishia utashtuka. Kazi hiyo umlipe, hata kama ni kidogo, na umlipe siku ileile kila mwezi, ili asije akasema anafanya kazi ya kujitolea kwa baba yake.

Saa tatu ya kuamka iishe. Anayelala saa nane za usiku anatafuta ajira anaweza kulala saa tano na kuzitafuta kesho yake mchana, matangazo hayatoroki. Awe Mwaloni na wewe saa kumi na mbili, mizigo inaposhuka. Na kama kwenye hiyo simu ya usiku kuna kubeti, nalo lisemwe mapema, maana sijaona kwenye barua yako hata neno moja linaloonyesha umewahi kumuuliza anaangalia nini. Umeona mwanga chini ya mlango ukatosheka.

Kikao cha ukoo kiache. Nawajua wajomba. Watakuja na methali, watamkalisha chini, kila mmoja atasimulia alivyotembea kilomita kumi kwenda shule, kijana ataitikia ndiyo, ndiyo, ndiyo, na mtakula mbuzi. Akitoka hapo atakuwa amehama kama wewe ulivyohama, kwa miguu au kwa moyo. Mtu pekee ninayemtaka kwenye jambo hili ni mama yako mzazi. Alikuwepo mezani siku ile, na umeandika kila aliyecheka na aliyenyamaza ila hukuandika yeye alisema nini. Nenda kamuulize. Yeye ndiye aliyekaa katikati yako na mzee wa pamba.

Siku ya kumsimulia mwanao 1998, usimwite sebuleni. Mwende mkiwa mnafanya kitu, kwa sababu wanaume wa kwetu wakikaa kutazamana huishia kugombana. Chanja ni kisingizio kizuri. Giza la mwezi ujao, dagaa watakapoanza kupatikana kwa wingi, mwende wote kisiwani mkajenge moja, moja tu, ukubwa wa vitanda viwili. Nusu ya mzigo uanike mchangani kwako, nusu kwenye chanja yake, magunia yawekwe alama, na bei ya kila upande iandikwe kwenye daftari. Nguzo ziwe usawa wa kiuno, chini ya hapo mbwa na kuku watawamaliza. Waya wa matundu madogo, na wavu kuukuu wa kufunika juu, maana kunguru na korongo wa ufukweni hawana aibu. Turubai anunue yeye, kutoka kwenye ule mshahara wake wa kwanza wa daftari.